Siku Mia Moja na Kumi na Nane

Swali liliulizwa Jumamosi alasiri, chai ikiwa mezani, na muulizaji hakuwa mtu baki bali binti yake wa kumzaa.

"Baba, ule mwaka wa mvua kubwa, mtoni ulikuwa unakwenda kweli, au siku nyingine ulikuwa unaandika tu?"

Mzee Sentimita akaweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kumwaga. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msoma kipimo cha mto, Kituo Namba Nne. Kazi yake ilikuwa kuteremka mtoni kila alfajiri, kutazama ubao wenye namba uliosimama majini, kuona maji yamefika wapi, na kuandika daftarini. Jina la Sentimita alipewa na majirani, kwa kuwa ukimuuliza mvua ilikuwaje hasemi kubwa wala ndogo, anakutajia namba. Walimcheka, naye akalipenda jina. Na alikuwa na neno moja aliloligawa bure kila mahali, misibani, harusini, hata kwenye foleni ya kliniki: "Sikukosa siku hata moja."

"Nani amesema nilikuwa naandika tu?"

"Modeli, baba."

"Modeli ndiye nani?"

Siku nyingine binti angecheka mpaka machozi. Leo alifungua laptopu yake, akaisogeza kando ya birika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa pili kazini katika ofisi ileile ya maji aliyostaafu baba yake, na kila mara alipoeleza kazi yake nyumbani alianza upya kabisa, bila kuchoka.

"Ni programu. Unaipa mvua iliyonyesha milimani, mteremko wa ardhi, udongo, miti iliyobaki, nayo inakokotoa mtoni yatapita maji kiasi gani, na lini. Lakini haizaliwi na akili, lazima ifundishwe. Inabahatisha, unailinganisha na namba za kweli za zamani, unaisahihisha, inabahatisha tena, mpaka ipatie. Namba za kuifundishia ndizo zako."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Miaka yote inakubali. Thelathini na moja, yote inakaa sawasawa, mpaka watu ofisini wanashangaa. Ila katika mwaka mmoja kuna siku mia moja na kumi na nane mfululizo. Hapo inagoma. Nimeibembeleza wiki tatu. Inagoma."

"Basi zitoeni hizo, mbaki na zingine."

"Mimi nilisema hivyo. Mkuu wa kitengo anasema shahidi akikutwa na uongo mmoja, ushahidi wote unakwenda na maji. Anataka Kituo Namba Nne kitolewe chote. Kikao ni Jumanne." Akashusha sauti. "Na kikitolewa, baba, huku juu ya mji hatuna kingine. Ile mashine mpya inayojisomea yenyewe ina miaka mitano tu, haijaona mafuriko hata moja ya kueleweka. Watu wa nyumba za bondeni tutakuwa tunawapa tahadhari za kubahatisha."

Mama alikuwa amefika mlangoni na kopo la sukari. Alisimama hapo kidogo, kisha akageuka nalo akarudi jikoni, na chai siku hiyo ikanywewa bila sukari.

"Waambie waniulize mimi mwenyewe," Mzee Sentimita alisema.

"Si ndiyo nakuuliza, baba?"

"Wewe ulikuwa mchanga, shingo haijakaza. Utajua nini?"

Alisema kwa ukali, na ukali ule haukuwa wa kuonewa. Ulikuwa wa mtu aliyeguswa kwenye kidonda. Mzee Sentimita alizijua siku zile mia moja na kumi na nane. Hakuhitaji modeli kumwonyesha. Aliteleza kwenye ngazi za kituo, ngazi zilezile alizozipanda na kuzishuka miaka tisa bila kujikwaa, akavunjika mguu sehemu mbili. Alilazwa wodini mguu ukiwa umetundikwa kwa kamba na uzito, nyumbani kuna mtoto wa miezi mitatu. Na sheria ya ofisi ilikuwa wazi: msomaji akikosa wiki mbili, anawekwa mwingine. Kwa hiyo alimshika mkewe mkono akamwambia, "Nenda wewe. Tazama namba, andika, nyamaza." Mkewe akaenda, akaandika, akanyamaza. Mzee alipotoka hospitali alitia sahihi kurasa zote kwa kikao kimoja, usingizi wa dawa haujamtoka. Mtoto alipokua na kuuliza juu ya ule mguu, aliambiwa baba alivunjika zamani, kabla hajazaliwa.

Yeye mwenyewe, kwa kulirudia lile neno lake la sikukosa siku hata moja, alifika mahali akaliamini. Mkewe alikuwepo kila lilipotamkwa. Hakuwahi kumsahihisha mbele za watu, wala wakiwa wawili.

Sasa wazo jipya liliingia kichwani mwa mzee, na lilikuwa baya kuliko lile la ofisi. Je, mama watoto alikuwa anakwenda kweli? Mwanamke ana mtoto mchanga, mume yuko wodini, mvua inamwagika. Nani angemlaumu kama alikaa jikoni akaandika namba za kichwani? Jumapili nzima alimtazama akipita na ndoo, akipita na nguo, akafungua mdomo mara mbili, akaufunga.

*

Jumatatu alivaa koti lake la kazi, akaenda ofisini peke yake.

Zamani ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye makabati ya mbao na harufu ya wino. Kila mwisho wa mwaka wasomaji wa vituo vyote walikuja na madaftari, wakaketi kwenye benchi wakitaniana, fulani mto wake umekauka kama mfuko wake, fulani ameandika kwa mguu wa kuku. Mpima mkuu wa enzi hizo, mtu mkali asiyejua kusifu, aliwahi kuliinua daftari la Kituo Namba Nne mbele ya wote na kusema, "Mwandiko kama huu, hata mto unaona aibu kuusumbua." Mzee Sentimita aliishi na maneno hayo muda mrefu kuliko baadhi ya watu wanavyoishi na ndoa zao.

Siku hizi kuna vioo, na dada wa mapokezi.

"Mzee, maombi ya kazi ya ulinzi ni geti la nyuma," dada huyo alimwambia kabla hajafungua mdomo.

"Nimekuja kumwona mkuu wa kitengo cha modeli."

"Una miadi naye?"

"Mwambie ni Kituo Namba Nne."

Dada akaandika kwenye karatasi, Kituo Namba Nne, kana kwamba ni jina la mtu. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima na dakika ishirini. Vijana walipita na vikombe vya kahawa, wakimsalimia shikamoo bila kusubiri marahaba. Ukutani, pale lilipokuwa likining'inia lile jedwali kubwa la mito lililojazwa kwa penseli, palikuwa na runinga inayoonyesha picha za maporomoko ya maji ambayo hakuyatambua.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidisha uzito. Alikuwa na umri wa mtoto wake wa kwanza kama Mungu angemjalia kubaki hai. Alisimama, akamvutia kiti, akamwita mzee wangu. Kisha akamgeuzia skrini.

"Huu mstari wa buluu ni ile mashine ya zamani ya darajani, kule chini mjini, ile ya kalamu iliyokuwa inachora yenyewe usiku na mchana. Unaikumbuka?"

"Niliwahi kuibadilishia karatasi."

"Vizuri. Hivi vidoti vyeusi ni wewe, kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Tazama miaka mingine: doti iko juu ya mstari, doti iko juu ya mstari. Raha tupu. Sasa njoo hapa." Akasogeza. Mstari wa buluu ukaruka juu kama mgongo wa paka aliyeshtuliwa, na vidoti vyeusi vikabaki chini, vimetulia. "Mafuriko ya alfajiri, kumi na moja, katika miezi minne. Darajani yameonekana yote. Kwako hakuna hata moja, maji ya kawaida tu. Na mto unateremka, mzee wangu. Huwezi kufika darajani bila kupita kwako. Haya maji yalipita wapi? Angani?"

Mzee Sentimita aliangalia vidoti. Alikuwa hajawahi kuviona vimechorwa. Kila kimoja kilikuwa asubuhi moja, na alihisi kwamba angepewa muda angeweza kukumbuka baridi ya kila kimoja. Isipokuwa hivi vya hapa.

"Nakuuliza kwa heshima. Siku hizo ulikuwa wapi?"

Nyuma ya kioo, kwenye dawati la tatu, binti yake alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anamtazama.

"Nilikuwa mtoni," Mzee Sentimita alisema.

"Sawa," mkuu wa kitengo alijibu. Hakubisha. Alifunga mchoro polepole, akainuka kumfungulia mlango, na ile sawa yake ikamfuata mzee njia nzima mpaka nyumbani.

*

Mkewe alikuwa barazani kwenye cherehani, akishona sare za shule za mteja. Mzee alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akasahau kingine.

"Wamekupokeaje?"

"Vizuri." Cherehani ikaendelea. Alisubiri mshono ufike mwisho. "Mama, nikuulize kitu. Zile siku zangu za wodini. Ulikuwa unakwenda?"

Mguu wa mama ukasimama juu ya pedali.

"Swali hilo unalo tangu juzi," alisema. "Nilikuwa nakuona unalitafuna. Miaka ishirini na sita, baba, leo ndiyo unaniuliza?"

"Si mimi. Ni mchoro. Maji yamepita pale mara kumi na moja, na daftari halijayaona."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimesema nilikuwa mtoni."

"Ulikuwa mtoni." Mama alikata uzi kwa meno. "Yaani mguu umetundikwa wodini, mwenyewe umelala chali unahesabu mabati, na bado wewe ndiye uliyekuwa mtoni. Na mimi nilikuwa wapi? Mimi sikuwa popote."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, mzee angepata pa kujishika.

"Nimeisikia hiyo sikukosa siku hata moja yako kwenye kila shughuli," aliendelea. "Nikasema moyoni, acha, ni mume wangu, sifa yake ni sifa yangu. Lakini kama leo zimegeuka namba za uongo, ndipo unikumbuke kuwa ni zangu? Zikiwa nzuri zako, zikiwa mbaya zangu?"

Binti yao alipofika saa kumi na moja jioni, aliwakuta wamekaa hivyohivyo, mzee na kiatu kimoja. Hakuweka hata mkoba chini.

"Baba, nimekusikia leo. Sasa nakuuliza kama mwanao, si kama mfanyakazi—"

"Muulize mama yako," mzee alisema. "Zile namba ni zake."

Ikasemwa yote, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile: ngazi, mguu, wodi, sheria ya wiki mbili. Binti alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho aliketi sakafuni, karibu na magoti ya mama yake, akauliza kwa sauti ya kunyatia.

"Mama, sikulaumu. Ila nataka kujua. Ulikuwa unafika kila siku kweli?"

"Tena na wewe? Wewe ulikuwa mgongoni!" Mama aliinuka. "Ngoja."

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mzee alihifadhi nakala za madaftari yote, zile karatasi za chini zilizoandikwa kwa kaboni, maana asili ilikwenda ofisini. Mama alijua palipo. Hakutafuta, alichomoa daftari moja lililofungwa kwa kitambaa, akalibwaga mapajani mwa binti.

Mwandiko wa mzee uliishia katikati ya ukurasa. Uliofuata ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeacha shule darasa la tano, kila tarakimu imesimama peke yake kama mtoto mbele ya mwalimu. Binti alipitisha kidole kwenye safu.

"Namba ndizo hizihizi zilizo kwenye kompyuta. Hazijapotoshwa," alisema kwa masikitiko. "Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, maji kawaida, wakati darajani—"

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Nani kakwambia kumi na mbili? Hebu lete." Mama akachukua daftari, akaliweka karibu na macho, akaligonga kwa ukucha. "Soma hapa kwenye saa. Nimeandika ngapi?"

"Sita."

"Basi ni sita. Saa sita mchana. Jua utosini."

Binti akalivuta daftari. Akarudi kurasa za nyuma, za mwandiko wa baba: 12, 12, 12. Akaja za mama: 6, 6, 6, mpaka mwisho wa siku ya mia moja na kumi na nane. Akafunua mbele, mzee amesharudi kazini: 12, 12, 12. Akajipiga kiganja kwenye paji la uso mpaka mzee akashtuka.

"Waliochapa! Ofisi ilipoingia kompyuta, waliketi watu wakachapa madaftari yote. Kompyuta haijui saa zetu, kwa hiyo kila walipoona kumi na mbili asubuhi waliandika sita. Wamechapa miaka tisa hivyo, wamechoka, wamefika kwa mama wamekuta sita tayari. Wakasema hapa hapana cha kubadili." Alicheka, kisha sauti ikamgeuka. "Mama, ukweli umekaa humu miaka yote, na hakuna aliyeuliza ni sita ipi."

Mzee Sentimita alilichukua daftari. Sahihi yake ilikuwepo chini ya kila ukurasa, ya haraka haraka. Alikuwa ametia sahihi mara nyingi kiasi kile, na hakusoma safu ya kwanza, ile ya saa.

"Kituo husomwa alfajiri," alisema taratibu. "Ulikuwa unajua. Kwa nini saa sita?"

"Hospitali ilifungua kwa wageni alfajiri, kisha jioni. Chakula chao ulikuwa hukili. Usipopata uji wangu asubuhi, hukutia kitu mdomoni mpaka jioni. Nikitoka kwako ni mguu mpaka nyumbani, mtoto aoge, ndipo niteremke mtoni. Saa sita inanikuta kwenye ngazi."

"Mbona hukuniambia? Kila siku nilikuuliza, umesoma?"

"Na kila siku nilikujibu nimesoma. Ilikuwa kweli, ya jana yake. Ningekwambia naanza kwako kisha ndipo mtoni, ungesemaje?"

Mzee alifikiri. Alitamani jibu liwe jingine.

"Ningekwambia uanze mtoni."

"Haya," mama alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

*

Jumanne walikwenda watatu. Dada wa mapokezi hakuuliza miadi, maana mama alipita mbele yake amelikumbatia daftari kifuani kama mtoto, na hakuna anayemzuia mwanamke anayetembea vile.

Kikaoni walikuwa watu saba. Mzee Sentimita aliomba kusema kabla ya wote, akasimama, akashika ncha ya meza.

"Jana nilisema uongo hapa. Sikuwa mtoni. Nilikuwa hospitali na mguu wangu. Aliyekuwa mtoni siku zote zile ni mke wangu, huyu hapa, na mtoto mgongoni. Tulificha kwa kuogopa kazi kupotea. Sahihi ni zangu, kosa ni langu. Kazi ni yake."

Kuna aliyekohoa. Mzee alihisi masikio yanawaka. Miaka yote alijua jinsi watu wanavyomtazama mtu asiyekosa siku hata moja. Sasa alijifunza wanavyomtazama mtu aliyekiri uongo.

Binti alieleza habari ya saa, kisha akasogea mbali na kompyuta. "Mimi sigusi. Ni wazazi wangu. Profesa aiendeshe yeye."

Profesa hakuwa profesa. Ni mwenzao aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani na kupenda kubisha. Alizisogeza siku zile mia moja na kumi na nane kwa saa sita mbele, akaiamuru modeli ianze upya. Mstari mdogo wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, asilimia tano, asilimia tisa. Watu wakaangalia simu zao. Mzee akawa anazihesabu asilimia kimoyomoyo. Mama peke yake hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anaangalia ubora wa mapazia.

Mchoro ukafunguka. Mgongo wa paka ulikuwa palepale. Lakini vidoti havikuwa tena kwenye ule mwinuko wa alfajiri. Vilikuwa vimesogea, vyote kumi na kimoja, kwenye mteremko wa upande wa pili, pale mafuriko yanapokuwa yamekwishapita na maji yanarudi kwao. Kimoja kimoja, juu ya mstari.

"Inakubali," Profesa alisema. Alionekana amekosa la kubishia.

Mkuu wa kitengo alisogea karibu na skrini. "Inawezekana ikawa bahati tu. Ukisogeza saa unavyotaka, hukosi pa kuangukia." Alivuta daftari, akafunua mpaka akasimama. "Mama, samahani. Siku hii umeandika namba mbili. Moja nukta themanini na nne, halafu chini yake moja nukta sabini na saba. Ulikosea ipi?"

"Sikukosea." Mama alinyosha shingo aone. "Nilifika, nikasoma, nikaandika. Huyu akaanza kulia, nikakaa kwenye jiwe nimnyonyeshe. Kama nusu saa hivi. Nimesimama, natazama ubao, maji yameshuka. Nikasema, wasije wakasema nimedanganya. Nikaandika tena."

"Nusu saa?"

"Alikuwa mlafi."

Binti akainamisha uso. Mkuu wa kitengo akamgeukia Profesa. "Muulize modeli. Siku hiyo, saa sita mpaka saa sita na nusu mchana, maji yalishuka kiasi gani?"

Profesa akabofya. "Sentimita sita na nusu."

"Na mama ameandika saba," mkuu wa kitengo alisema polepole. "Mama, umepishana na modeli kwa nusu sentimita."

"Au yenyewe ndiyo imepishana na mimi," mama alijibu.

Chumba kizima kikacheka, hata mkuu wa kitengo, na alipomaliza kucheka alijipangusa macho muda mrefu. Alisema Kituo Namba Nne kitabaki. Alisema pia, bila kuwatazama machoni, kwamba kuna mambo atalazimika kuyaandika, kwa kuwa yamesemwa mbele ya watu.

Akayaandika. Baada ya wiki tatu barua ilikuja: modeli imekamilika, tahadhari za bonde zitaanza msimu ujao, na katika orodha ya wasomaji wa Kituo Namba Nne limeongezwa jina la pili. Aya ya mwisho ilisema kwamba cheti cha utumishi uliotukuka, ambacho mzee alikuwa amependekezewa, hakitaweza kutolewa kutokana na ukiukwaji wa taratibu. Binti alisoma aya hiyo kwa sauti ya chini. Mzee aliomba barua, akaisoma mwenyewe hadi chini, akaikunja.

"Jina lake wameliandika sawasawa?" aliuliza.

"Sawasawa, baba."

"Basi."

*

Siku hiyohiyo alimwomba mkewe waende mtoni. Mama akasema jua kali. Mzee akasema hilohilo jua ndilo analolitaka.

Walishuka ngazi pole pole, yeye akitanguliza mguu mzima, mama akimshika kiwiko. Ubao wa kipimo ulikuwa umepauka na kuegemea upande. Karibu yake, juu ya nguzo, ile mashine mpya ilikuwa inajisomea yenyewe kimyakimya, ina kioo cha umeme wa jua kichwani.

Mzee Sentimita alisimama akatazama. Mto aliokuwa akiujua ni wa kijivu, una ukungu, baridi inapanda na maji yake hayana chini. Huu ulikuwa mwingine. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye mawe, samaki wadogo wanapita na vivuli vyao, na ukingoni tope la jana linameta kama lililopakwa mafuta. Ng'ambo wanawake walikuwa wanafua na kucheka.

"Ulikuwa hivi?"

"Ukiwa haujafurika, hivi. Ukifurika usiku, ukifika mchana unaukuta umechoka, umeacha vijiti mpaka kule juu. Na hao wafuaji walikuwepo, mama zao, ila upande huu. Walikuwa wananishikia mtoto nikiingia majini."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa siku moja. Siku ile daktari aliposema huenda mguu ukakatwa." Mama alijishusha juu ya jiwe pana, akavua kandambili. "Nilikuja, nikasoma, nikaandika. Ndipo nikalia. Hapa hapa."

"Maji yalikuwa ngapi?"

"Mbili nukta sifuri tano."

Alijibu bila kufikiri, na mzee, ambaye maisha yake yote aliamini ni yeye peke yake ndani ya nyumba ile anayekumbuka kwa namba, aliketi kando yake kwa uangalifu, mguu mbovu ameunyosha.

"Anza mwanzo," alisema. "Siku ya kwanza ilikuwaje?"

"Zote? Zipo mia moja na kumi na nane, baba."

"Nina haraka gani?"

Mama akamsimulia ya kwanza, jinsi alivyoshindwa kujua kama namba inasomwa juu ya maji au chini yake mpaka akamuuliza mvuvi. Akamsimulia ya pili, na ya tatu, ambayo mvua nusura imnyime hata kuona ubao. Mzee alikuwa anauliza vitu vidogo, upepo, rangi ya maji, mtoto alikuwa amevaa nini. Wanawake wa ng'ambo walianua nguo zao wakaondoka. Wao walikuwa wamefika siku ya arobaini na mbili njaa ilipowakumbusha kwamba nyumbani hakuna aliyebandika kitu jikoni.